Mashine Iliyokwama Forodhani

Jumanne, 18 Februari 2025

Bado. Nimempigia Velma wa ofisi ya uwakala kabla sijaingia kazini. Jibu ni lile lile: kasha letu liko ghalani karibu na uwanja wa ndege, forodha wamelizuia kwa ukaguzi, tuwe na subira. Subira mpaka lini? Hajui. Na anasema hivyo kwa sauti tamu, kama mtu anayekukaribisha keki. Nimechoka na utamu wa watu wa Minnesota. Heri mtu anifokee nijue tumefikia wapi.

Kinachozuiwa ni chuma kitupu. Mashine ya kusaga mahindi, haina hata mota — mota tutafunga huku, umeme wa huku ni mwingine. Ukubwa wa friji. Fundi wa Moshi ameitengeneza vizuri, imevuka bahari, imepanda treni, imefika mpaka hapa ambapo naweza kuendesha gari na kulipapasa kasha kwa mkono wangu. Na siruhusiwi.

Velma anasema lilipitishwa kwenye X-ray na "kuna kitu kimeonekana". Kitu gani? Hasemi. Kazi yangu mimi ni kupiga watu X-ray. Leo nimepiga magoti ya wazee kutwa nzima. Kweli, mgonjwa haruhusiwi kuambiwa na mimi nilichokiona, daktari ndiye anayesema. Lakini daktari husema. Hawa wamekaa na picha yao kama mali ya urithi.

Dinah, mwenzangu wa biashara ya unga, amepiga simu mara mbili. Mwenye jengo ana-ask tunafungua lini. Nimwambie nini? Dinah ameacha kazi yake ya kutunza wazee ili asimamie hili duka. Chumba chetu kule Bloomington, nyuma ya duka la matairi, kina mizani, mifuko mitupu, na baridi.

Alhamisi, 20 Februari

Velma kaleta swali la forodha: mashine ni mpya au imetumika?

Nimecheka kwa hasira. Risiti imeandikwa mpya. Nimewatumia tena risiti ileile waliyonayo. Wanauliza kwa sababu imetoka Afrika, basi. Ingetoka Ujerumani wangeuliza?

Kaka yake mume wangu, shemeji Tumsifu, ndiye aliyesimamia kila kitu kule. Anaishi Himo, ana mashine ya kusaga pale karibu na soko, aliachiwa na marehemu baba yao. Nani angejua mashine nzuri kuliko yeye? Alikwenda kwa fundi, akalipa, akatutumia picha. Careen mwanangu ndiye aliyechagua rangi: mwili wa njano, miguu myeusi. Fundi akapaka hivyohivyo. Mtoto aliiweka ile picha kwenye tablet yake na kuwaonyesha wenzake shuleni kama watu wanavyoonyesha mbwa wao.

Halafu ikakaa Himo kwa Tumsifu msimu mzima wa mavuno. Mara meli hakuna, mara karatasi za bandari, mara mvua imeharibu njia. Dinah alianza kuguna. Mimi nikamtetea shemeji. Nikasema Tanzania mambo ni taratibu.

Elinaja ananiambia, "Vumilia, Mama Careen." Mume wangu ni mhandisi wa mabomba ya maji machafu ya kaunti. Uvumilivu wake ameuzoea humo. Mimi neno hilo likisemwa tena nitarusha sahani.

Jumamosi, 22 Februari

Ubatizo Lakeville, kwa Edson na mkewe. Ubwabwa, samosa, theluji chafu hadi mlangoni. Kila mtu ana lake la kunishauri kuhusu forodha na hakuna aliyewahi kuingiza hata kijiko. Mmoja anasema tafuta mbunge. Mwingine anasema ukivaa vizuri ukaenda mwenyewe wanakuogopa. Edson anasema wanatazama majina tu, wakikuta jina gumu wanaweka pembeni.

Nimekubaliana na Edson. Nimerudi nyumbani na hasira mpya, na kichefuchefu cha kula samosa nyingi kwa hasira ya zamani.

Jumatano, 26 Februari

Velma amepiga nikiwa kazini. Safari hii sauti haikuwa ya keki.

Wadudu. Forodha wamekuta wadudu hai ndani ya mashine.

Nimemwambia haiwezekani. Wadudu wanakula chuma? Kasema ndivyo walivyoandika: wadudu wa nafaka, mabaki ya nafaka, na udongo. Nimeomba namba ya ofisa mwenyewe. Nimeingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimefunga mlango, nimempigia.

Nimesema mengi. Nimesema hii mashine haijawahi kuonja punje ya mahindi. Nimesema wao wakiona Afrika wanaona wadudu hata mahali pasipo na wadudu, na kama kuna wadudu basi wametoka kwenye ghala lao. 

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha kasema nina haki ya kuja kuona. Ijumaa asubuhi. Nivae viatu vya kufunika vidole.

Naenda. Naenda na Elinaja, na simu ya kurekodi.

Ijumaa, 28 Februari

Sijui nianzie wapi. Nimeoga mara mbili na bado nasikia ile harufu.

Ghala kubwa, baridi kuliko nje. Ofisa ni mwanaume wa makamo, ndevu za mvi, anaongea polepole. Nilikuja tayari kwa vita na yeye akanipa glavu na tochi. Kasha lilikuwa limefunguliwa upande mmoja na kuzungushiwa nailoni. Akafunua nailoni.

Harufu ilinifikia kabla ya mwanga. Pumba zilizolowa, zikakauka, zikalowa tena. Akaniambia nimulike ndani, pale mahindi yanapomiminwa. Nikamulika. Kuta za ndani zina ukoko wa unga, mweusi kama masizi, na ule ukoko unatembea. Fukusi. Wengi. Na chini yao vifunza vyeupe vinajikunjakunja kwenye pumba kama vimeshtuliwa usingizini. Nikasogea pembeni nikasimama nimeinama, nimeshika magoti.

Ofisa hakucheka. Alisubiri. Kisha akakwangua rangi kidogo kwenye ubavu wa mashine. Chini ya njano kuna buluu. Chini ya buluu kuna kutu. Nyundo za ndani, zile zinazoponda mahindi, zimelika hadi zimekuwa mviringo kama sabuni inayokaribia kuisha. Akaniuliza kwa heshima kabisa: uliambiwa hii ni mpya?

Nikamulika tena ile buluu. Mimi niliyemwambia yale maneno juzi.

Na miguu. Miguu ilikuwa ya njano pia. Nimeligundua hilo baadaye, kwenye gari. Sisi tuliagiza myeusi.

Elinaja hakusema neno tangu nailoni ilipofunuliwa. Alizunguka nyuma ya mashine, akachuchumaa, akavua glavu na kuweka kidole kwenye kiraka cha bati kilichochomelewa chini ya mdomo wa mashine. Kidole kikakaa pale. Ofisa akamwambia arudishe glavu. Akairudisha. Kwenye gari aliweka ufunguo na hakuuzungusha. Nikamuuliza anawaza nini. Akasema baridi.

Njia ziko tatu, ofisa alisema. Kuifukiza kwa gesi na kuisafisha kwa gharama yetu. Kuirudisha ilikotoka, kwa gharama yetu. Au kuiharibu, wanaiponda na kuichoma. Anayesaini ni mimi, mwagizaji mwenye jina kwenye karatasi. Mwisho Jumatatu ya tarehe kumi.

Nimempigia shemeji Tumsifu papo hapo, kule ilikuwa usiku. Nikamwuliza kistaarabu, bila kupandisha. Akasema, "Shemeji, mashine lazima ijaribiwe. Nilisaga debe mbili tatu nione kama inasaga. Ungetaka nikutumie kitu kibovu?"

"Na rangi ya buluu?"

"Hiyo ni rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mafundi wote wanapaka hivyo."

"Na kutu iliyo chini yake?"

"Bahari, shemeji. Chumvi ya bahari hiyo."

Ana jibu la kila kitu. Sauti imetulia kabisa. Na mimi — hili ndilo linalonitia kinyaa zaidi ya vile vifunza — mimi nilianza kumwamini. Nilitaka kumwamini. Ni rahisi zaidi kuamini bahari.

Jumamosi, 1 Machi

Mama mkwe hupiga video kila Jumamosi asubuhi yetu, kwao ni jioni. Tulikuwa mezani, chai na mayai, Elinaja hajanyoa. Simu imeegemezwa kwenye birika. Mama alikuwa amekaa nje ya banda la mashine pale Himo, kitenge kipya, ana furaha.

Akasema, "Elinaja mwanangu, ngoja nikuonyeshe kaka yako alichofanya." Akaigeuza simu. Ikaonyesha paa, ikaonyesha kuku, ikaonyesha kidole chake, halafu ikatulia.

Mashine. Ya njano, inang'aa. Miguu myeusi.

"Kaleta mpya," Mama anasema. "Ile ya baba yenu imechoka, kasema ameipeleka kwa fundi. Hii haipigi kelele kabisa. Wateja wanatoka mpaka Mwika. Mungu ambariki Tumsifu, amejituma peke yake."

Chai ikapoa.

Careen ndiye aliyesema. Kwa Kiingereza chake, kama kawaida, ingawa Kiswahili chote alikisikia: akauliza hiyo si mashine yetu? Akakimbia kuleta tablet. Akaiweka picha kando ya simu, akatazama huku, akatazama huku, akarudia. Hiyo ni yetu.

Mama hajui Kiingereza. Akauliza mjukuu wake anasemaje.

Elinaja akasema, "Anasema nzuri, Mama."

Nzuri.

Nilitoka nikasimama gereji, kati ya gari na mashine ya kusukuma theluji, mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya ibada, kwenye gari, Careen yuko kwa rafiki yake. Elinaja amezungumza.

Alijua tangu Ijumaa. Kile kiraka cha bati ni mkono wa baba yake. Elinaja alikuwa mdogo, alishika taa wakati baba anachomelea. Alivyokigusa tu akajua kasha letu lina mashine ya baba.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza siku nzima na usiku mzima wakati mimi namwuliza Tumsifu habari za chumvi ya bahari. Akasema alitaka kwanza aone kama kuna maelezo mengine. Maelezo mengine! Mabomba ya kaunti yamemfanya mtu huyu aweze kukaa karibu na uchafu na kusubiri uishe wenyewe.

Nikapiga simu hapohapo, nikaweka spika. Tumsifu alipokea. Nikamwambia tumeiona kwa Mama. Nikategemea atakata, au atakana, au atalia.

Hakufanya hata kimoja. Akasema, "Basi mmeiona." Kisha akaongea, wala hakuwa na haraka.

Akasema ile ya zamani ndiyo iliyompeleka Elinaja Marekani. Baba alipofariki yeye Tumsifu ndiye aliyeacha shule akasimama na ile mashine, akameza vumbi la unga mpaka leo anakohoa, ada ya Elinaja ikatoka mle, nauli ikatoka mle, koti la kwanza la baridi likatoka mle. Akasema, "Nyie huko mna kila kitu. Mnaweza kuitengeneza ile. Mimi nikipata mpya moja, kuna ubaya gani? Nimeipaka rangi vizuri."

Maneno yale yalinichukiza. Maana yote ni kweli. Anakohoa kweli. Koti lile nililiona mimi, lilikuwa refu mno kwa Elinaja, tulicheka sana chuoni.

Nikasema, "Shemeji, ungeomba."

Akasema, "Ningeomba mngesema mnafikiria."

Elinaja mikono kwenye usukani, gari limezimwa, mbele yetu watu wa kanisa wanapita wanapunga mikono. Na sisi tunawapungia.

Sijali kama anakohoa. Naandika hivi halafu nasoma, naona najali, nakasirika upya. Angeomba. Nisingesema nafikiria. Labda ningesema. Lakini hakunipa hata nafasi ya kuwa mchoyo mwenyewe. Alinitumia fukusi, akaniambia ni mpya, akaniacha nimtukane ofisa wa watu kwa ajili yake.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Theluji nzito tangu alfajiri, shule zimefungwa, kliniki tumefungua kwa kuchelewa. Nimekwenda kwa Dinah mchana nikamwambia yote. Sikutaka kumwambia kwa simu.

Alikuwa chumbani kwetu Bloomington, anapanga mifuko. Ameshachapisha zile lebo. Unga wa dona, unga wa wimbi. Akaacha kupanga, akakaa juu ya ndoo, akanisikiliza mpaka mwisho.

"So hiyo mashine iko Himo inasaga," akasema.

"Inasaga."

"Na sisi tume-pay storage ya takataka."

"Ndiyo."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Akasema yeye ali-quit kazi, mimi sikuacha yangu. Akasema hanilaumu kwa kuibiwa. Lakini anauliza tangu lini nimejua, nikasema Jumamosi, akahesabu kwa kichwa, nikaona amehesabu. Siku zote hizo nilikuwa namjibu kwa vikatuni vya kucheka kwenye simu.

Kuifukiza tumeiondoa. Hata wakiua wadudu wote, nani atakula unga uliosagwa na kutu? Na mkaguzi wa chakula akiona zile nyundo atatufungia kabla hatujafungua. Zimebaki mbili, irudi au iharibiwe.

Dinah anataka iharibiwe. "Iki-go back, inaenda kwa nani? Kwa huyo huyo. Atakuwa na mbili, Mama Careen. Ata-rent moja. Na nauli tume-pay sisi." Akasema akiona nauli ya kuirudisha imetoka kwenye akaunti yetu ya biashara, atajua mimi nafanya biashara na familia yangu na yeye ni mgeni aliyekaribishwa. Atatoka. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anafunga mfuko kwa kamba, anakaza fundo.

Jioni hatukwenda kanisani, barabara mbaya. Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni, paji la uso safi, bila majivu. Nimejihisi mchafu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kampigia Elinaja kazini. Tumsifu amemwambia kitu, si chote. Amemwambia ile ya baba imekwama Amerika kwa bahati mbaya na mke wa Elinaja anataka ikachomwe moto.

Mke wa Elinaja. Njia zote tatu nilimtajia kwenye simu Ijumaa ile, yeye kachagua kumwambia moja.

Mama hakulalamika. Alimwuliza mwanawe tu kama ni kweli ile mashine ya marehemu itachomwa na watu wasiomjua.

Elinaja ameniambia haya amesimama mlangoni na viatu vya theluji, hajavua. Nikamwuliza alimjibu nini. Alimwambia atazungumza na mimi.

Hatukuzungumza. Tumekula, tumeosha vyombo.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa ghalani, kwenye benchi la ofisi ya mbele. Ofisa yuko nyuma na mzigo wa watu wengine, amesema tumsubiri kidogo. Velma amenipa kalamu na kuondoka kwenda kunywa kahawa. Karatasi iko kwenye ubao wenye kibanio, ina visanduku viwili vya kuweka alama, irudi au iharibiwe, na mstari wa sahihi.

Kwenye gari Elinaja amesema lake, hatimaye. Amesema irudi. Nauli atalipa yeye kutoka mshahara wake, akaunti ya biashara isiguswe hata senti, na atamwambia Dinah hivyo yeye mwenyewe, uso kwa uso.

Nikamwuliza irudi kwa nani.

Akasema, "Kwa Mama. Iwe ya Mama. Isiwashwe tena. Ikae tu pale nyumbani, aione."

Ni neno la kwanza wiki nzima ambalo halikunitia kichefuchefu. Nikatazama dirishani, nikafikiri kuhusu yule mama na kitenge chake kipya. Nikasema sawa. Nitasaini irudi. Lakini ampigie kaka yake kwanza, sasa hivi, amwambie mambo mawili wazi: ile ya zamani ni ya Mama, Tumsifu asiiguse. Na ile mpya aseme mbele ya Mama imetoka wapi. Basi. Sitaki pesa wala kupigiwa magoti. Aseme tu.

Elinaja akakubali. Akashika mkono wangu pale kwenye maegesho. Ametoka nje kupiga simu, humu ndani haishiki vizuri.

Namwona kupitia kioo. Amesimama kwenye theluji inayoyeyuka, hana kofia. Anaongea kidogo. Sasa anasikiliza. Anasikiliza sana. Anatingisha kichwa, anakubali, anakubali, kama vile mtu wa kwenye simu anaweza kumwona. Sasa anatabasamu. Sijui kwa nini anatabasamu.

Amerudi. Amefuta viatu vyake kwenye zulia kwa uangalifu sana, kimoja, kingine, kama mgeni. Amekaa.

"Kasemaje?"

"Amefurahi kwamba inarudi."

"Na habari ya Mama?"

"Hatukufika huko. Mtandao unakatika."

"Mmeongea muda wote huo."

Akatazama saa ya ukutani. Akasugua magoti. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuwa Kaka ana ombi. Kwa kuwa kasha linarudi, na ndani kuna nafasi, tuweke mikanda miwili ya mashine. Ya huku ni imara, ya kule inakatika kila mara. Na kama inawezekana, seti moja ya nyundo. Nyundo za ile mpya hazijalika.

Nikamwuliza, "Mikanda ya mashine ipi?"

Kuna mtu nyuma anaburuta kitu cha chuma kwenye sakafu.

"Elinaja. Ya mashine ipi?"

"Nimemwambia nitakuuliza," akasema.

Ofisa ametoka nyuma, anavua glavu, anaita jina langu, analikosea kama kawaida. Kalamu ninayoandikia hapa ni ile ya Velma, na visanduku vyote viwili bado ni vitupu. Elinaja bado ananitazama, anasubiri jibu la mikanda.